Ubao wa Puzznic: hotuba kwa vijana wanaounda michezo ya kompyuta

Mwenyekiti, walimu wetu, wazazi mliojitokeza, na ninyi vijana mnaojifunza kuunda michezo ya kompyuta: nawasalimu nyote, na nawashukuru kwa kunipa nafasi hii.

Mchezo ninaouzungumzia leo una historia ambayo wengi huipita kimyakimya. Unaitwa Puzznic. Kampuni ya Taito ya Japani iliutoa mwaka 1989 kwenye mashine za kutumbukiza sarafu, zile kabati kubwa za kwenye kumbi za michezo. Ni fumbo la ubao, la kupanga vigae. Na katika toleo la Japani, mchezaji akimaliza ngazi huonyeshwa picha ya mwanamke aliye uchi. Wazazi wasiwe na hofu, picha hizo sikuzibeba. Nilichobeba ni ubao, na ubao ndio ninaotaka tuutazame kwa makini. Picha zilipoondolewa, mchezo ulivuka bahari ukaingia kwenye kompyuta ndogo za nyumbani za Ulaya, ukachezwa, ukaigwa, ukapewa majina mengine. Mimi nashikilia kwamba hilo liliwezekana kwa sababu thamani yake yote ilikuwa ubaoni tangu siku ya kwanza.

Twende kwenye ubao wenyewe.

Mbele yako una chumba kilichozungushiwa matofali, chenye vidaraja na mashimo. Humo mna vigae vyenye alama za maumbo mbalimbali. Unashika kigae kwa kishale, unakisukuma kushoto au kulia, basi. Kukiinua huwezi. Kikifika ukingoni na chini yake pakawa patupu, kinadondoka mpaka kitue. Vigae viwili vyenye alama moja vikigusana, ubavu kwa ubavu au kimoja juu ya kingine, vinatoweka pamoja, na vilivyokuwa vimekaa juu yake vinaporomoka. Kazi yako ni kuumaliza ubao usibaki na kigae hata kimoja, na saa inahesabu.

Mtoto wa miaka saba atazielewa kanuni hizi mara moja. Sasa ona zinavyobana. Tuseme ubaoni mna pembetatu tatu. Mbili ziko sakafuni, ya tatu iko juu ya kidaraja. Macho yanakushawishi uzikutanishe hizo mbili za sakafuni, maana ziko karibu. Ukifanya hivyo zinatoweka, na ile ya tatu inabaki peke yake, haina mwenzake, na hakuna tena kitakachoiondoa. Umekwisha kushindwa, ingawa ubao bado unakuruhusu kusogeza vigae vingine kana kwamba tumaini lipo. Njia sahihi inataka subira. Unazisogeza zile mbili mpaka kati yao ibaki nafasi ya kigae kimoja tu, kisha unaisukuma ya tatu kutoka kwenye kidaraja ili idondokee pale katikati. Inagusa kushoto na kulia kwa mpigo mmoja, na zote tatu zinakwenda.

Naomba mkae na pembetatu hizi kidogo, kwa sababu mchezo mzima umo humu. Vigae vya alama moja vikiwa vinne, unaviondoa viwiliviwili. Vikiwa vitano, lazima mahali fulani uviondoe vitatu, au vyote vitano, kwa pamoja, na ni juu yako kujua ni wapi na lini. Shufwa na witiri, yaani namba zinazogawanyika kwa mbili na zisizogawanyika, hesabu tuliyofundishwa tukiwa wadogo, ndiyo inayoamua kama kisogezo chako cha kwanza kilikuwa cha busara au cha pupa. Hakuna adui anayekukimbiza na hakuna risasi. Kuna hesabu tu, na mvutano wa ardhi.

Huo mvutano wa ardhi ndio jambo la pili. Wengi wenu mnalijua fumbo la 15, ile fremu yenye nafasi 16 na miraba 15 yenye namba, unaisogeza mpaka ikae kwa mpangilio. Lilibuniwa Marekani katika miaka ya 1870 na Noyes Chapman, postamasta wa mji wa Canastota, jimbo la New York, na mwaka 1880 likashika watu kama homa, Marekani hadi Ulaya. Baadaye Sam Loyd, bingwa wa mafumbo, alijitangaza kuwa ndiye mbuni wake, akaahidi dola 1,000 kwa yeyote atakayeweza kubadilishana nafasi za 14 na 15 peke yake. Hakuna aliyezipata wala hakuna ambaye angezipata: mwaka 1879 wanahisabati walikwisha kuthibitisha kuwa haiwezekani, na sababu yake ni hiyohiyo ya shufwa na witiri. Lakini fumbo la 15 lina huruma moja. Kila ulichokisogeza unaweza kukirudisha. Ukipotea, unarudi kwa njia uliyojia. Puzznic haina huruma hiyo, kwa sababu kigae hakipandi. Kikidondoka kimedondoka. Kwa hiyo kabla hujagusa kitu inabidi uusome ubao kuanzia sakafuni kwenda juu, ujiulize kila kigae kitaishia wapi, na kipi kikitangulia kitaziba njia ya kipi.

Ugumu huu una ushahidi wake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mwanahisabati Mmarekani Erich Friedman alichunguza mchezo wa ukoo huu uitwao Cubic, akathibitisha kuwa uko katika kundi la matatizo ambayo jibu lake ukipewa unalihakiki upesi, lakini hakuna anayejua njia ya haraka ya kulitafuta kwa kila ubao. Ratiba za ndege na upangaji wa mizigo vina ndugu zao katika kundi hilohilo. Kwa hiyo kijana anayekaa na ubao wa vigae akikuna kichwa hapotezi muda. Anapambana na tatizo lenye hadhi.

Sasa nirudi kwenye picha, maana sikuja kuzikwepa.

Puzznic haikuwa ya kwanza. Japani katika miaka ya 1980 ilikuwa na mashine nyingi za mahjong, mchezo wa zamani wa vigae wa Asia, ambazo mchezaji akishinda, mwanamke kwenye skrini anavua nguo. Marekani nako, mwaka 1981, kampuni ya On-Line Systems ya California iliuza Softporn Adventure ya Chuck Benton kwa ajili ya kompyuta ya Apple II, mchezo wa watu wazima wa maandishi matupu usio na picha hata moja ndani yake. Mwaka 1982 Artworx ikaleta Strip Poker, ambamo unacheza karata na Suzi au Melissa, wanawake wa kwenye skrini wanaovua nguo wakishindwa. Mwaka 1986 Martech ya Uingereza ikatoa mchezo wa karata wenye jina na sura ya Samantha Fox, mrembo aliyekuwa maarufu magazetini na aliyekuwa anaingia kwenye uimbaji. Na mwaka 1987 hadithi ya Softporn ikarudi ikiwa na picha, chini ya jina la Leisure Suit Larry, kazi ya Al Lowe. Huo ulianza kwa kumhoji mchezaji maswali ambayo mtu mzima wa Marekani alitarajiwa kuyajua, ili watoto wachujwe. Kwa mtu wa nchi nyingine maswali yale yalikuwa ukuta, hata awe na wajukuu.

Ukiitazama orodha hiyo, karata na mahjong ndizo zimetawala, na sababu yake inaeleweka. Karata ni mchezo uliokwisha kuwepo, kila mtu anaujua, mwandishi wa programu anaazima kanuni na nguvu yake anaipeleka kwenye picha. Ukiziondoa picha katika Strip Poker unabaki na poka ya watu wawili, ambayo mtu angeweza kuicheza mezani bila kompyuta. Taito walifanya kinyume chake. Waliunda ubao mpya kabisa, mgumu, wenye akili, halafu wakaubandika picha mwishoni mwake. Picha na ubao havikuwa na uhusiano wowote. Mwanamke yule hakuwa na kazi ubaoni. Aliwekwa pale kama malipo.

Hapa niseme wazi ninavyolitazama jambo hili, kwa kuwa mbele yangu wamekaa wasichana watakaokuwa waandishi wa programu. Kumfanya mwanamke malipo ya mwanamume aliyemaliza fumbo ni kumwambia msichana kwamba yeye si mchezaji. Anaingia ukumbini, anatazama mashine, anaona kuwa mbuni hakumtarajia kabisa kushika kile kijiti. Hilo ni kosa la maadili, na ni kosa la ubunifu vilevile. Nusu ya watu wenye uwezo wa kuupenda ubao ule walifungiwa nje na kitu ambacho ubao haukukihitaji. Sina ugomvi na watu wazima kuwa na michezo ya watu wazima. Ugomvi wangu ni na picha iliyobandikwa kwenye kazi nzuri ili kuiuza, na kuiwekea kazi hiyo aibu isiyostahili.

Picha zilitokaje? Toleo la mashine za sarafu lililouzwa nje ya Japani liliziacha. Kisha Ocean, kampuni ya Manchester iliyozoea kununua haki za michezo ya kumbini na kuihamishia nyumbani, ikauleta Puzznic mwaka 1990 kwenye kompyuta za nyumbani za ZX Spectrum, Commodore 64 na Amstrad CPC, na pia Amiga na Atari ST. Humo nako picha hazikuwemo. Kompyuta ya nyumbani wakati ule mara nyingi ilichomekwa kwenye televisheni, na televisheni iko sebuleni, na sebuleni yupo bibi. Michezo nayo iliuzwa kwenye maduka ya kawaida, pamoja na magazeti na kalamu za shule. Biashara na sebule vilitosha kuwa mhariri.

Lakini hata bila hayo, mashine zenyewe zilikuwa upande wa ubao. Hebu tupige hesabu pamoja, chukueni kalamu. Tuseme ubao una nafasi 10 kwa 10. Kila nafasi inahitaji kukumbuka kitu kimoja kati ya vitu visivyozidi 16: tupu, tofali, au alama fulani. Hiyo ni nusu baiti, baiti ikiwa kipimo cha kumbukumbu ya kompyuta. Ubao mzima ni baiti 50. Sasa picha moja inayojaza skrini ya ZX Spectrum inakula baiti 6,912, yaani 6,144 za nukta zinazounda picha na 768 za rangi. Mahali palipokaa picha moja pangekaa mbao 138. Kwenye mashine yenye kilobaiti 48 kwa kila kitu, programu, sauti na skrini yenyewe vikiwemo, na inayopakia mchezo kutoka kwenye kaseti kwa dakika kama tano, mbunifu anayejiheshimu angechagua nini?

Na rangi. Spectrum ilikuwa na rangi za msingi nane: nyeusi, buluu, nyekundu, zambarau, kijani, samawati, njano na nyeupe. Tazameni orodha hiyo, mwone kama mna rangi ya ngozi ya binadamu yeyote, wa Oslo au wa Kigoma. Haimo. Juu ya hapo, kila kisanduku cha nukta 8 kwa 8 kilikubali rangi mbili tu, ndiyo maana sura za watu kwenye mashine ile zilikuwa na mabaka ya rangi yanayomwagika nje ya mistari. Kigae kinakaa vizuri kabisa katika visanduku hivyo. Kina kingo zilizonyooka, kina alama moja, rangi mbili zinakitosha. Mashine iliyoshindwa kumchora mtu iliweza kuchora fumbo bila kulipunguzia kitu.

Kwenye FM Towns, kompyuta ya Fujitsu iliyotoka Japani mwaka huohuo 1989 ikiwa na kisoma CD ndani yake, ambako nafasi haikuwa shida tena, toleo la Puzznic lilikuja na picha za uchi kama kule kumbini. Mchezo ubaoni ukawa uleule. Mwenye baiti nyingi alipata picha, mwenye baiti chache hakupata, na wote wawili walikuna kichwa mbele ya pembetatu zilezile tatu.

Kuna mchezo mmoja unaostahili kuwekwa kando ya huu. Taito wenyewe walikuwa na Qix, wa mwaka 1981, ambamo mchezaji anakata vipande vya uwanja na kujimilikisha. Mwaka 1990 kampuni ya Kaneko ikaichukua njia hiyo ikaunda Gals Panic, na kila kipande unachokikata kinafunua sehemu ya picha ya mwanamke. Pale picha iko chini ya ubao na ndiyo ubao wenyewe. Ukiitoa, unarudi kwenye Qix, ambayo ilikuwepo miaka tisa kabla. Kwa Puzznic hapakuwa na pa kurudi, maana ubao ule ulikuwa mpya.

Na waigaji walijua cha kuiga. Mwaka 1992 Epic MegaGames ya Marekani ilitoa Brix kwa kompyuta za DOS: vigae, kusukuma pembeni, kudondoka, kugusana. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ikaja Vexed kwenye vikompyuta vya mkononi vya Palm, vyenye skrini ndogo isiyozidi kiganja. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyejisumbua na picha za wanawake. Walichukua kanuni tano za ubaoni, wakaacha mengine Japani.

Nendeni jioni kwenye baraza lolote la Zanzibar mkawatazame wazee wanaocheza bao. Jasho linawatoka, wamesahau kahawa, na mwisho wa mchezo hakuna anayewaonyesha picha yoyote. Malipo ya kufikiri vizuri ni kuona mpango wako umekubali. Puzznic ina raha hiyohiyo pale kigae cha tatu kinapodondokea kati ya wenzake.

Vijana mnaounda michezo kwa ajili ya simu za watu wetu, hesabu ile ya baiti 50 ni yenu. Simu nyingi huku zina nafasi finyu na mwenye simu anahesabu bando. Mchezo wa ubao unaweza kukaa katika faili dogo kuliko picha moja ya harusi na ukamshughulisha mtu mwezi mzima. Msikimbilie kwanza mchoraji na sauti. Kaeni na karatasi ya miraba mpaka ubao usimame wenyewe.

Neno langu jingine ni kuhusu kuhifadhi. Mwaka 2023 Video Game History Foundation ya Marekani ilitoa utafiti ulioonyesha kuwa asilimia 87 ya michezo ya zamani iliyotolewa nchini humo haipatikani tena kwa njia ya kibiashara. Michezo ya watu wazima iko katika hatari kubwa zaidi, kwa sababu hakuna mwenye haraka ya kujitokeza kuwa ndiye mlinzi wake. Mimi nasema ihifadhiwe, yote, pamoja na picha zake, kwa lebo iliyo wazi na kwa watafiti watu wazima. Programu ya MAME, iliyoanza mwaka 1997 kwa kazi ya kuzifanya mashine za kumbini ziishi ndani ya kompyuta za kisasa, inalitambua toleo la Japani la Puzznic na toleo la dunia, kila moja kivyake. Huo ndio uhifadhi wa kweli. Tukilifuta la Japani, mtu wa kesho hataweza kuona mwanamke alivyotumika kama malipo, wala hataweza kupima kama ubao ulipoteza kitu picha zilipotoka. Ushahidi wa hoja yangu yote ya leo uko katika kuwepo kwa matoleo mawili.

Hilo si ruhusa ya kuzisambaza. Tanzania tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na inakataza kuchapisha ponografia kupitia kompyuta. Mwanafunzi anayetaka kuichambua Puzznic anatosheka na toleo lililouzwa nje ya Japani, kwa sababu lina kila kanuni iliyomo katika la kwanza.

Pale mezani karibu na mlango nimeweka karatasi zenye mbao tatu nilizozichora mwenyewe, pamoja na vifuniko vya soda vya kutumia kama vigae. Ubao wa kwanza una vigae vitatu. Wa pili una vitano, na humo kipo kidaraja kimoja kinachodanganya. Wa tatu una alama mbili tofauti zinazoziba njia, na lazima moja ipishe kabla ya nyingine. Kanuni ni ileile: kushoto, kulia, na kudondoka. Anayeinua kifuniko kukirudisha juu anaanza upya. Wazazi nanyi mnakaribishwa, na atakayemaliza ubao wa tatu aniite, nataka kuona alianza na kigae kipi.

Asanteni kwa kunisikiliza.